Seti ya tatu kwa moja, kigari cha mtumba au mbeleko? Jibu kwa mama mtarajiwa wa Mtwara

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Natarajia kujifungua mtoto wangu wa kwanza mwezi wa kumi na mbili. Tunaishi Mtwara mjini, Chuno. Kutoka nyumbani mpaka barabara ya lami ni kama mita mia tatu, mchanga mtupu. Mume wangu ana Toyota IST, ila siku za kazi anakuwa nayo yeye, mimi napanda bajaji. Kila mwezi tunakwenda Masasi kwa wakwe. Duka moja la Dar limenishauri nichukue seti ya tatu kwa moja, yaani fremu, kitanda cha kulalia, kiti cha kukalia na kiti cha gari, vyote vinabandikwa kwenye fremu moja. Bei laki tisa. Hapa Mtwara ipo ya mtumba inayofanana nayo, laki mbili na nusu, lakini kitanda chake kimepotea. Muuzaji anasema si neno, mtoto atalala kwenye kiti cha gari. Mama mkwe anasema nisipoteze fedha, mbeleko inatosha. Dada yangu anasema mbeleko inapinda miguu. Nichukue kipi?"

Nzuri, dada, na hongera sana. Umeandika vizuri kwa sababu umetaja mchanga, umetaja bajaji na umetaja Masasi, na hayo matatu ndiyo yatakayoamua. Wauzaji wengi hawayaulizi. Wao wana boksi moja lenye vitu vinne, nawe una mahitaji mawili tofauti kabisa: mtoto asafiri salama ndani ya gari linalokwenda kasi, na mtoto apumzike vizuri unapotembea naye mtaani. Kiti cha gari kinajibu hitaji la kwanza. Kigari na mbeleko vinajibu la pili. Ukishavitenganisha hivyo kichwani, bei zenyewe zitaanza kusomeka upya.

Nianze na maneno ya yule muuzaji wa mtumba, maana ndiyo yenye hatari. Kiti cha gari si kitanda. Mtoto mchanga ana kichwa kizito, karibu robo ya urefu wote wa mwili wake, na misuli ya shingo yake haijapata nguvu. Akikaa kwa kuinama, kichwa huanguka mbele na kidevu hugusa kifua. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini, hujikunja kirahisi. Halii wala hakohoi. Anaonekana amelala fofofo huku hewa inayoingia inazidi kupungua. Ndani ya gari, kitako cha kiti kikiwa kimekaa sawa, mgongo wa mtoto hulala kwa mwinamo wa kama nyuzi 45, na mikanda iliyokazwa humzuia asiteleze. Kiti hichohicho ukikiweka juu ya kochi, sakafuni au juu ya fremu iliyoinama, mwinamo hubadilika na kidevu kinashuka. Mikanda ikilegezwa ili "apumue" ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mtoto huteleza chini na mkanda wenyewe unaweza kufika shingoni.

Kwa hiyo kubandika kiti cha gari juu ya fremu ni urahisi wa dakika chache: umeshuka kwenye gari, mtoto kalala, unamsogeza mpaka ndani ya kliniki bila kumwamsha. Basi. Ukifika, mtoe umlaze chali mahali palipo bapa na pagumu kiasi. Mtoto wa chini ya miezi sita anayetembezwa kwenye kigari anatakiwa awe amelala. Kiwango cha Ulaya cha vigari, EN 1888, kinataka pembe kati ya kalio na mgongo wa kiti kinachotumika tangu kuzaliwa isipungue nyuzi 150, yaani karibu kulala kabisa. Wapo watakaokuambia kumkalisha mapema kunamkomaza mgongo. Hapana. Mgongo hupata nguvu mtoto akiwa macho, akilala kifudifudi mbele yako kwa dakika chache, akijaribu kunyanyua kichwa. Mtoto aliyeegemezwa kabla ya wakati wake anajikunja tu kiunoni.

Sasa mbeleko. Mama mkwe wako ana haki kubwa kuliko unavyodhani, na dada yako amekosea. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa kanga huku mapaja yametanuka, magoti yamepanda juu kidogo kuliko makalio, anakuwa katika mkao ulio mzuri kwa nyonga zake: kichwa cha mfupa wa paja kinakaa katikati ya kikombe chake. Miguu ya watoto wachanga huwa imepinda kidogo kwa jinsi walivyokunjwa tumboni, na kwa kawaida hunyooka yenyewe wanapoanza kutembea na kukua. Kinachoweza kudhuru nyonga ni kinyume chake, kumfunga mtoto miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja.

Lakini mbeleko ina masharti mawili. Kwanza, mgongoni ni pa mtoto aliyekwisha kukaza shingo, mara nyingi kuanzia miezi mitatu au minne. Kabla ya hapo mbebe mbele, wima, juu kiasi kwamba ukiinamisha kichwa unaweza kumbusu utosini. Uso wake uwe wazi unauona, na kati ya kidevu chake na kifua chake vidole vyako viwili vipite. Pili, kitambaa kisifunike pua wala mdomo, hata kwa vumbi, hata kwa jua. Ukizingatia hayo, kwa zile mita mia tatu za mchanga mbeleko inaweza kukushindia kigari chochote kitakachouzwa Kariakoo.

Ukitaka kigari pia, na wengi hukihitaji mtoto akifikisha kilo saba au nane mgongo wa mama ukaanza kulalamika, basi uanze kutazama chini kabla ya kutazama rangi. Vigari vingi vinavyofika huku vimeundwa kwa ajili ya njia ya waenda kwa miguu ya saruji au sakafu ya duka. Magurudumu yake ya mbele ni madogo, kipenyo cha sentimita 15 hivi, membamba, mara nyingi pacha, na yanazunguka kila upande. Kwenye mchanga gurudumu dogo hukita kama jembe: uzito wote unakaa kwenye eneo dogo, linazama, kisha kila hatua unausukuma mchanga ulio mbele yake. Lile linalozunguka likikutana na mchanga hugeuka upande na kigari kinasimama ghafla, na mtoto asiyefungwa hutupwa mbele.

Kinachosaidia ni kipenyo na upana. Tafuta magurudumu ya nyuma ya inchi 12, sawa na sentimita 30, na ya mbele yasiyopungua sentimita 20, mapana, yenye kitufe cha kuyafunga yaelekee mbele tu. Kigari cha magurudumu matatu kwa kawaida hupita mchangani vizuri kuliko cha manne, kwa sababu kinakata njia moja mbele badala ya mbili, ila kwenye kona za haraka ni chepesi zaidi kupinduka. Ukifika kwenye mchanga mzito usibishane nacho: geuka, ukivute kinyumenyume. Magurudumu makubwa yatatangulia na yale madogo yatafuata njia iliyokwisha kukandamizwa.

Tairi za upepo au za povu? Za upepo ndizo laini mchangani, hasa ukizipunguza upepo kidogo ili zitanuke. Ubaya wake ni mbigili. Miiba ile inatoboa tyubu ya kigari bila shida, na tyubu za inchi 12 si kila fundi baiskeli anazo. Angalia saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kisha kabla ya kununua uulize mafundi wawili watatu kama wanayo. Vali za tairi hizi mara nyingi ni za aina ya pikipiki, kwa hiyo fundi pancha yeyote wa bodaboda anaweza kuzijaza, lakini mwambie ajaze kwa kugusa tu, kidogo kidogo. Kompresa inayojaza tairi la Fuso hupasua tyubu ndogo kwa sekunde chache. Kiwango cha juu kimechapwa kwenye tairi, usikivuke. Za povu gumu hazipati pancha wala hazihitaji pampu. Ni ngumu zaidi mchangani, lakini zikiwa na kipenyo kikubwa zinavumilika, na kwa mtu asiyetaka kuhangaika na mafundi ndizo ninazozipendekeza.

Usikubali kujaribu kigari kikiwa kitupu juu ya vigae vya duka. Nenda na mfuko wa mchele wa kilo kumi, au ununue hapo jirani, uulaze penye kalio la mtoto na kuufunga mikanda. Toka nje. Sukuma hatua ishirini mchangani kwa mikono miwili, kisha kwa mkono mmoja. Geuza. Tafuta mahali tambarare, sukuma kidogo kisha achia kwa hatua mbili uone kama kinakwenda moja kwa moja. Kikivuta upande, ekseli imepinda au beringi imekufa. Kipandishe ukingo wa baraza kwa kukandamiza mpini: ukiona fremu inajinyonga, magurudumu mawili yako juu na mawili chini, viungo vimelegea. Mpini uwe usawa wa kiwiko chako au chini yake kidogo. Mume wako naye ajaribu, kwa kuwa mtu mrefu anayepiga teke ekseli kila hatua hatakisukuma mara ya pili.

Breki ijaribu kwenye mteremko, mchele ukiwa ndani, kwanza kigari kikitazama chini halafu kikitazama juu. Pini za breki ziingie kwenye magurudumu yote mawili ya nyuma. Upande mmoja ukishika peke yake, kigari kitazunguka hapohapo na kuondoka. Mchanga hujaa kwenye tundu za pini hizo, kwa hiyo jaribu tena kila ukitoka ufukweni. Upepo wa kusi pale Shangani unatosha kukisukuma kigari chenye kivuli kikubwa ulichokiacha bila breki. Kama mpini hauna kamba ya mkono, shona moja, uivae unaposhuka mteremko au unapopita karibu na maji.

Mikanda iwe ya ncha tano: mabega mawili, nyonga mbili na katikati ya miguu. Mkanda wa kiunoni peke yake haumzuii mtoto anayeinuka. Halafu tazama maungio. Mwaka 2009 kampuni ya vigari ya Maclaren iliwaita wenye vigari vyake kama milioni moja huko Marekani ili virekebishwe baada ya watoto kukatwa ncha za vidole kwenye bawaba wakati wa kukunjua. Jambo hilo si la kampuni moja tu; bawaba yoyote inayojifunga kwa nguvu inaweza kukata. Kwa mtumba, kagua kama bawaba zina vifuniko vyake, na iwe desturi nyumbani kwenu: kigari hakikunjwi wala kukunjuliwa mtoto akiwa amekigusa. Kila kikikunjuliwa, sikiliza mlio wa kufunga, kisha kikandamize mpini kabla ya kumweka mtoto. Kuna kufuli mbili, ile kuu na ile ya akiba. Ikikosekana moja, kiache dukani.

Kwetu kuna chumvi hewani, na kigari cha chuma cha kawaida hakidumu. Pitisha sumaku ndogo: ikishika kwenye mirija ni chuma, isiposhika huenda ni alumini. Alumini ni nyepesi na haipati kutu, ila riveti, springi na ekseli zake karibu zote ni chuma, na kutu huanzia hapo. Ukitoka ufukweni futa kwa kitambaa chenye maji baridi, kausha, toa magurudumu mara moja kwa wiki ufute ekseli. Tia tone la mafuta ya cherehani kisha ufute tena yabaki unyevu tu. Usipake girisi, inakusanya mchanga na kuusaga kwenye beringi. Fremu ikivunjika karibu na bawaba usipeleke kwa mchomeleaji. Alumini haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya mtaani, na hata chuma kilichochomelewa hapo huvunjika tena pembeni ya ulehemu, safari hii mtoto akiwa ndani.

Utajifungua mwezi wa kumi na mbili, joto limepanda na mvua zinaanza, kwa hiyo hili la kanga nalisema kwa msisitizo. Usifunike kigari kwa kanga, hata ile nyepesi kabisa. Ndani hewa haizunguki, jua linapenya kitambaa na joto linabaki humo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima jambo hili mwaka 2023 wakaona kitambaa kikavu kinaongeza joto ndani ya kigari, na kile kilicholoweshwa, kikiwa pamoja na feni ndogo, kinalipunguza. Unyevu wa hewa ya pwani yetu unapunguza faida ya kulowesha, kwa kuwa maji hukauka polepole. Chagua kivuli kirefu kinachofika karibu na magoti, chenye dirisha la wavu nyuma, na rangi nyepesi. Kitambaa cheusi kinapendeza picha lakini kinachemka. Tembea kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Pima joto la mtoto kwa kugusa nyuma ya shingo, si mikono. Chandarua cha kigari ni jambo jingine kabisa, hicho nunua: kinapitisha hewa, na malaria kwetu bado haijaisha. Kivutwe vizuri kisilale usoni mwa mtoto.

Tuje kwenye Masasi. Hapo ndipo fedha yako inapohitajika zaidi, na nasema wazi: kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua kiti cha gari, kipya. Kigari kinaweza kuwa cha mtumba, na mbeleko unayo tayari. Kwenye barabara ya lami, gari likisimama ghafla kutoka kilomita 80 kwa saa, hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika mtoto. Na ukimfunga pamoja nawe kwenye mkanda mmoja, uzito wako wewe ndio utakaombana.

Kiti cha mtoto mchanga hutazama nyuma. Gari likigonga, kila kilicho ndani huendelea kwenda mbele. Mtoto anayetazama mbele hushikwa kiwiliwili na mikanda, kichwa chake kizito kinaruka, na shingo yenye mifupa ambayo sehemu kubwa bado ni gegedu inavutika. Akitazama nyuma, ganda la kiti linapokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Kanuni ya kimataifa ya R129 inataka abaki hivyo angalau mpaka miezi 15, nami ningemwacha zaidi, mpaka afikie kikomo cha urefu au uzito kilichoandikwa kwenye kiti chenyewe.

Unapokinunua tafuta kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E ndani ya duara. Kikiandikwa R129, soma urefu wa mtoto kwa sentimita. Kikiandikwa R44/04, ni kanuni ya zamani iliyopanga viti kwa kilo, na kile cha wachanga hufika kilo 13. Bado kinafaa kama ni kizima na hakijapita muda wake. R44/01 au 02 usichukue. Viti vya Marekani havina kibandiko hicho, vina maandishi ya kiwango cha FMVSS 213. Kisicho na maandishi yoyote ni plastiki yenye kitambaa tu.

Kwa nini nasisitiza kipya? Kwa sababu kiti kilichokuwa ndani ya ajali huweza kupata nyufa ndani ya ganda zisizoonekana, na plastiki huchoka kwa jua na muda. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka sita hadi kumi tangu tarehe iliyochapwa chini ya kiti. Muuzaji wa mtumba hawezi kukuambia kiti kilipitia nini huko kilikotoka. Wengine huosha mikanda kwa dawa kali, wengine hukishonesha kwa fundi viatu. Mkanda wa begi utashonwa ukadumu. Mkanda wa kiti cha gari ukishakatwa au kushonwa upya hauaminiki tena.

Kukifunga kwenye IST yenu: pitisha vidole katika mwanya kati ya kalio na mgongo wa kiti cha nyuma. Ukigusa vyuma viwili vyenye umbo la U, gari lina ISOFIX, yaani vyuma vya kubania kiti cha mtoto bila kutumia mkanda wa gari. Usipovigusa, tumia mkanda wa gari, na kiti kinachofungwa kwa mkanda wa gari ndicho unachotakiwa kununua. Kiweke nyuma, upande wa abiria, penye mkanda wa bega na kiuno. Kamwe kisikae mbele penye mfuko wa hewa ndani ya dashibodi. Ukifumuka unapiga mgongo wa kiti pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Kwenye viti vya Ulaya, alama za buluu zinaonyesha njia ya mkanda kwa kiti kinachotazama nyuma: sehemu ya kiuno hupita kwenye ndoano za pembeni, ya bega huzunguka nyuma ya ganda. Kandamiza kiti kwa goti huku ukivuta mkanda. Kisha kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, anza upya. Ubavuni kuna mstari unaotakiwa kuwa sambamba na ardhi, huo ndio mwinamo sahihi. Mkanda wa gari ukiwa mfupi usifike, kiti hicho hakilifai gari lenu, ndiyo maana jaribu kabla ya kulipa.

Mtoto mwenyewe: nguo nyepesi, bila shali ndani ya mikanda. Mikanda ya mabega itoke kwenye tundu zilizo usawa wa mabega au chini kidogo. Kaza, halafu jaribu kubana mkanda kwa vidole juu ya mfupa wa bega. Ukipata mkunjo wa kubana, bado umelegea. Gari likiwa limekaa juani, gusa vifungo vya chuma kwanza, vinaunguza.

Safari zenyewe ziahirishe. Wiki za mwanzo nusu saa ndani ya kiti inatosha, na desturi yetu ya arobaini inakupa sababu nzuri ya kuwaambia wakwe waje wao Mtwara. Baada ya hapo, isizidi saa mbili bila kumtoa. Mkipita Mnazi Mmoja simameni, msimame tena Nyangao au Ndanda: mtoe kabisa, mlaze chali, mnyonyeshe nje ya kiti. Mtu mzima mmoja akae nyuma pembeni yake kuangalia kidevu.

Kwenye bajaji sina jibu zuri la kukupa. Haina mkanda unaoweza kushika kiti, na kukifunga kwa kanga kunamfanya mtoto aruke pamoja na kiti. Kinachobaki ni kupunguza hatari: safari fupi, dereva unayemjua ambaye hakimbizi, ukae katikati, mtoto akiwa mbele yako ndani ya mbeleko iliyokaza, kigari kimekunjwa. Pima nafasi ya miguu ya bajaji kwa futi kabla ya kuchagua fremu. Yenye magurudumu yanayochomoka huingia kirahisi zaidi. Bodaboda na mtoto mchanga, tafadhali usipande.

Sasa fedha. Seti ya laki tisa si mbaya kama itapita mtihani wa mchele, kitanda chake kikiwa bapa na kiti chake kikiingia kwenye IST. Lakini unalipia adapta, vile vipande vya kubandikia kiti juu ya fremu, ambavyo kwa maisha yako ya bajaji na mchanga utavitumia mara chache. Ningeuliza duka lilelile bei ya kiti cha gari peke yake, ninunue hicho kabla ya kujifungua, na safari ya kutoka hospitali iwe ya kwanza kukitumia. Ile ya mtumba nenda ukaikague kama fremu tu. Ikiwa imara, na kiti chake cha kukalia kinalala karibu bapa, mwambie muuzaji akitoe kiti cha gari kwenye bei na apunguze. Kama hakilali, inaweza kungoja mpaka mtoto afikishe miezi sita na kukaa mwenyewe. Hutakosa kitu kwa kungoja, maana mbeleko itakuwa ikifanya kazi.

Kuna hali ambazo hazitatuliwi kwa barua. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37, akiwa na uzito mdogo, mwenye mwili mlegevu au shida ya kupumua, usimweke kwenye kiti cha gari wala mbeleko kabla ya kumwuliza daktari wa watoto, Ligula au hospitali utakayojifungulia. Huenda akahitaji kutazamwa kwanza akiwa ameketishwa. Aliyezaliwa akitanguliza makalio, au mwenye paja moja lisilotanuka sawa na jingine, nyonga zake zikaguliwe mapema, miezi ya kwanza ndiyo rahisi kutibu. Na wakati wowote ukimkuta kwenye kigari, kiti au mbeleko amebadilika rangi midomoni, analegea, anapumua kwa kukoroma au mwili una joto kali na hataki kunyonya, mtoe, mlaze chali kivulini, mwamshe, na uende hospitali saa hiyohiyo hata kama ameanza kuchangamka.